Guiraut Riquier, Mwimbaji wa Narbonne

Narbonne ni mji wa kale sana katika Ufaransa ya kusini, karibu na bahari. Warumi walianza kukaa huko zaidi ya miaka mia moja kabla ya kuzaliwa kwake Bwana Yezu. Katika mji huo, yapata mwaka 1230, alizaliwa mtoto mmoja jina lake Guiraut Riquier. Hakuwa mtoto wa mabwana wakubwa. Mali yake yote ilikuwa akili yake na sauti yake.

Siku zile watu wa kusini hawakusema Kifaransa. Walisema lugha yao wenyewe, ndiyo Kioksitani, na katika lugha hiyo palikuwa na watungaji hodari wa nyimbo walioitwa matrubaduri. Trubaduri alitunga maneno, akatunga pia sauti ya kuyaimba. Wengine walikuwa mabwana wenye ngome na askari. Yule wa kwanza ambaye nyimbo zake zimehifadhiwa, Guilhem wa Aquitaine, aliyekufa mwaka 1126, alikuwa na nchi kubwa kuliko ile ya mfalme wa Ufaransa. Lakini wengi hawakuwa na kitu. Hao walitoka jumba hili wakaenda jumba lile, na mwenye jumba aliwapa chakula na nguo, pengine na farasi, ili wamwimbie mbele ya wageni wake. Bwana mkarimu alisifiwa katika nyimbo. Bwana mchoyo alichekwa katika nyimbo vile vile, na wimbo wa kucheka husafiri upesi.

Lakini Riquier alipozaliwa, nchi ile ilikuwa imekwisha kuumizwa vibaya. Toka mwaka 1209 mpaka mwaka 1229 majeshi ya kaskazini yalikuja kupigana huko. Sababu ya kwanza ilikuwa uzushi wa watu walioitwa Wakathari, walioyaacha mafundisho ya Kanisa. Vita ile, kama vita nyingi, haikuwachagua watu. Katika mji wa Béziers, mwendo wa siku moja kwa miguu toka Narbonne, wazushi na Wakristu wema waliuawa pamoja, hata wale waliokimbilia ndani ya makanisa. Mabwana wengi wa kusini walinyang'anywa mashamba na ngome zao, na wale waliobaki walikuwa maskini kuliko baba zao. Nani sasa atamlisha mwimbaji? Ndilo swali lililomfuata Riquier maisha yake yote.

Wimbo wake wa kwanza wenye tarehe ni wa mwaka 1254. Wakati ule alikuwa akimtumikia Amalric, bwana wa mji wa Narbonne. Kwa desturi ya matrubaduri aliimba sifa za bibi mmoja bila kumtaja kwa jina lake la kweli. Alimwita kwa jina la kuficha, Belh Deport, maana yake Furaha Njema. Aliimba pia nyimbo za kuchekesha. Mwaka 1260 alitunga wimbo wa msichana mchunga kondoo. Katika wimbo huo mwimbaji anamkuta msichana malishoni, anamsemesha maneno matamu, na msichana anamjibu kwa akili nyingi, anamkataa, na mwimbaji anaenda zake ameaibika. Watu wakaupenda. Basi Riquier akaendelea na hadithi hiyo, wimbo baada ya wimbo, mpaka zikawa nyimbo sita. Katika ule wa mwisho, wa mwaka 1282, mwimbaji anafika mji wa Saint-Pons amelowa mvua, anaingia katika nyumba ya wageni, na mwenye nyumba ndiye yule mchunga kondoo! Sasa ni mama mtu mzima, ana binti aliyekwisha kukua. Ulimi wake ni mkali kama zamani. Ni jambo zuri kwamba katika nyimbo zote sita trubaduri mwenye elimu hakumshinda hata mara moja mwanamke yule wa malishoni.

Mwaka 1270 Amalric alikufa. Riquier alimtungia wimbo wa maombolezo, kisha akafunga mzigo wake. Hapakuwa tena na kitu cha kumkalisha Narbonne. Akapita milima ya Pirenei, akaenda Hispania, kwa Alfonso, mfalme wa Castilla.

Alfonso huyo aliitwa Mwenye Hekima, na kweli alipenda elimu. Aliwakusanya Wakristu, Wayahudi na Waislamu wenye kujua nyota na lugha, wakamwandikia vitabu. Katika jumba lake zilitungwa nyimbo zaidi ya 400 za kumheshimu Bikira Maria na kusimulia miujiza yake, nazo zimehifadhiwa mpaka leo pamoja na picha zake nzuri za rangi. Mtungaji angeweza kutafuta wapi mlango ulio bora kuliko huo? Riquier akakaa huko karibu miaka kumi.

Huko ndiko alikofanya jambo ambalo limelipa jina lake sifa ya pekee. Palikuwa na neno moja lililomchoma moyo. Watu wote waliowafurahisha wengine kwa ujira waliitwa kwa jina moja tu, joglari. Mtu aliyechezesha nyani au mbuzi sokoni, joglari. Aliyeiga sauti za ndege, joglari. Aliyeomba pesa njiani kwa kupiga zeze vibaya, kisha akaenda kuzinywea pombe, joglari. Na mtu aliyekesha usiku akitafuta neno moja lililo sawa, ili wimbo wake uwafundishe watu wema na adabu, naye pia joglari. Riquier aliona ni dhuluma. Mapadri, askari, wafanya biashara na wakulima, kila kundi lilikuwa na jina lake na heshima yake. Kwa nini watungaji wasiwe na jina lao?

Mwaka 1274 alimwandikia mfalme barua ndefu ya mashairi, akamwomba awapange watu hao na kumpa kila mmoja jina linalomfaa. Mwaka 1275 likatoka jibu kwa jina la mfalme, nalo ni la mashairi vile vile. Wacheza nyani na walevi wasiitwe joglari tena, bali waitwe wapumbazaji. Joglari ni yule mwenye adabu, ajuaye kupiga zeze na kuimba nyimbo za wengine mbele ya watu wa heshima. Trubaduri ni yule atungaye maneno na sauti. Na aliye bora kupita wote, afundishaye ukweli kwa nyimbo zake, huyo apewe jina la mwalimu wa utungaji. Wataalamu wengi wanadhani kwamba jibu hilo pia liliandikwa na mkono wa Riquier mwenyewe, mfalme akalikubali. Yawezekana. Hapana shaka kwamba Riquier alijiona ni wa daraja ile ya juu. Unyenyekevu haukuwa zawadi yake ya kwanza.

Lakini jina la heshima halishibishi tumbo. Mwaka ule ule wa 1275 mfalme alifiwa na mwanawe wa kwanza, Fernando, na ugomvi wa urithi ukaingia katika jumba lake. Yapata mwaka 1279 Riquier alirudi katika nchi yake. Alikuwa anakaribia umri wa miaka hamsini, na ilimbidi kutafuta tajiri tena kama kijana.

Alimpata Henri, bwana wa Rodez katika milima, mmoja wa wachache waliokuwa wakipenda bado mashairi. Henri aliwapa matrubaduri wanne wimbo mmoja mgumu wa mtungaji wa zamani, awaone nani ataweza kueleza maana yake. Riquier alimaliza maelezo yake mwaka 1280. Mwaka 1285 bwana Henri alitoa hukumu yake, akampa Riquier barua yenye muhuri kushuhudia kwamba ndiye aliyefahamu vema.

Katika miaka hiyo ya uzee nyimbo zake ziligeuka. Za mapenzi ya dunia zikapungua, za kumwomba Mungu na kumsifu Bikira Maria zikaongezeka. Hata lile jina la Belh Deport, alilompa bibi yule ujanani mwake, mwishoni alimpa Mama wa Mungu.

Wimbo wake wa mwisho wenye tarehe ni wa mwaka 1292. Ni wimbo wa huzuni. Anaeleza humo kwamba ingefaa anyamaze, kwa maana wimbo huzaliwa na furaha, naye hana. Katika majumba ya mabwana hakuna kazi inayodharauliwa kuliko utungaji mzuri. Watu hutaka kelele na upuzi. Anajiona kuwa amekuja duniani amechelewa, katika watu wa mwisho.

Hata hivyo Riquier alikuwa amefanya kazi moja kimya kimya. Matrubaduri wengi waliziacha nyimbo zao midomoni mwa waimbaji, na nyingi zilipotea. Yeye aliziandika zake kwa mkono wake katika kitabu, akazipanga kwa utaratibu, na juu ya kila mmoja akaandika mwaka alipoutunga. Kitabu chenyewe kimepotea, lakini baada ya kufa kwake waandishi walinakili nyimbo hizo katika vitabu vikubwa viwili vya ngozi, na mmoja wa waandishi hao alieleza kwamba alizitoa katika kitabu cha mkono wa Riquier. Vitabu hivyo viwili vimewekwa katika nyumba kubwa ya vitabu mjini Paris. Katika kimoja chao zimeandikwa pia sauti za nyimbo zake 48. Hakuna trubaduri mwingine aliyeacha sauti nyingi kama hizo, na waimbaji wa siku hizi huzisoma humo na kuziimba.