Alichotufunza Annalena kuhusu maradhi yanayofichwa

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humwumbua. Katika miaka ambayo nimefundisha hapa Garissa, sijaona maradhi yanayofichwa kama sonona, yaani ile huzuni nzito isiyomwacha mtu wiki baada ya wiki, ikamnyang'anya usingizi, hamu ya chakula na hata tumaini la kuishi. Mwanafunzi akipatwa nayo huambiwa ajikaze, asali na ajishughulishe. Wengine nao hushikilia kwamba tembe za hospitali pekee zatosha. Mabishano haya yangalikwisha mapema lau tungaliyakumbuka maisha ya mwanamke mmoja aliyeishi jirani nasi, kule Wajir.

Annalena Tonelli alizaliwa mwaka wa 1943 katika mji wa Forlì, nchini Italia. Alisomea sheria, lakini hakuifanya elimu hiyo ngazi ya kupandia utajiri. Baada ya kuwahudumia maskini wa mji wake kwa miaka kadhaa, alikuja Kenya mwaka wa 1969 akiwa mwalimu, kisha akahamia Wajir. Hakuwa mtawa, na alipofika hakuwa tabibu. Uganga alijifunza baadaye, kazi ikiwa tayari imemkabili.

Wajir ya siku hizo ilitawaliwa kwa sheria za hali ya hatari, ambazo hazikuondolewa hadi mwaka wa 1991. Watumishi wengi wa umma waliohamishiwa huku waliona wameadhibiwa. Annalena alikuja kwa hiari, akaishi maisha ya ufukara, na pamoja na wanawake wenzake akaendesha kituo cha kuwatunza watoto walemavu.

Adui aliyemkabili hasa ni kifua kikuu. Dawa zilikuwapo, lakini wagonjwa hawakupona. Mfugaji alikunywa tembe kwa majuma machache, kikohozi kikapungua, mvua ikanyesha mbali, naye akawafuata ngamia wake. Ugonjwa ulirudi ukiwa na nguvu zaidi. Juu ya hayo palikuwa na aibu. Familia ilikana kwamba mtu wao anaugua, kwa kuwa jina la ugonjwa huo lilitosha kumtenga na watu.

Mwaka wa 1976 alikabidhiwa mradi wa majaribio wa kuwatibu wafugaji wanaohamahama. Hakuwalaza katika wodi. Aliwaalika wajenge vibanda vyao kwenye uwanja wa mchanga mbele ya kituo, kama wafanyavyo nyumbani, wakae hapo kwa muda wote ambao tiba ilihitaji usimamizi. Kila siku mgonjwa alikunywa dawa mbele ya macho ya mhudumu. Aliishi miongoni mwa wenzake wenye maradhi yale yale, hivyo hakuwapo wa kumcheka mwenziwe. Hiyo ndiyo manyata ya kifua kikuu, nayo ni miongoni mwa misingi ya utaratibu wa kumsimamia mgonjwa anywapo dawa, ambao baadaye Shirika la Afya Duniani liliueneza ulimwenguni.

Mwezi wa Februari mwaka wa 1984 yalitokea mauaji ya Wagalla, ambapo wanaume walikusanywa na vikosi vya usalama katika uwanja wa ndege, na wengi wakafa. Annalena alikwenda kuokota majeruhi na maiti, akasaidia habari hizo zijulikane. Baadaye alilazimika kuondoka Kenya. Aliendelea na kazi yake Somalia, na hatimaye katika mji wa Borama, ambako wagonjwa wa kifua kikuu walipewa dawa na pia masomo. Mwaka wa 2003 alitunukiwa tuzo ya Nansen ya Umoja wa Mataifa. Tarehe 5 Oktoba mwaka huo huo alipigwa risasi katika uwanja wa hospitali yake, akafa.

Yahusu nini hayo na sonona? Yahusu sana. Anayeugua sonona kali hufanana na yule mfugaji. Dawa zake huchukua majuma kadhaa kabla ya kuonyesha nguvu. Akipata nafuu huziacha, na ugonjwa humrudia, ilhali madaktari kwa kawaida hutaka aendelee kwa miezi isiyopungua 6 baada ya kupona, na asiziache bila ushauri wao. Nani atamwuliza kila asubuhi iwapo amekunywa, kama si ndugu au rafiki?

Wanaotetea juhudi za mtu binafsi nao wana hoja. Sonona nyepesi yaweza kutulizwa kwa mazungumzo na mshauri bila dawa. Matembezi, usingizi wa saa maalumu, ibada na kuzungumza na mwandani husaidia kweli. Lakini sonona ikizidi humpokonya mgonjwa zile nguvu anazohimizwa azitumie. Kumwambia ajikaze ni kumtuma kisimani aliyevunjika mguu.

Na huzuni katika eneo hili si haba. Wapo wajane wa Wagalla. Wapo walionusurika katika Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015, walipouawa watu 148. Katika kambi za Dadaab, zilizoanza kufunguliwa mwaka wa 1991, wakimbizi wana neno lao, buufis, kwa ile shauku ya kuhamia ng'ambo ambayo mara nyingine humharibu mtu akili. Watu wanaujua uchungu huu. Wanaona haya tu kuupeleka kwa daktari.

Mwalimu mwenzangu, ukimwona mwanafunzi amejitenga, halali na hacheki tena, usimhubirie. Kaa naye umsikilize, kisha mpeleke hospitali, na akirudi uwe manyata yake. Akitaja kifo, usingoje kesho. Nawe mwanafunzi, usimcheke mwenzako anayemeza tembe. Annalena aliwaponya watu ambao dawa peke yake ilishindwa kuwaponya, na hakuna hata mmoja aliyemwachia apambane peke yake.