Maisha ya Ota Benga, Mtu Aliyetazamwa na Maelfu

Wiki hii tunawaletea maisha ya ndugu yetu wa Kongo aliyefariki ugenini zaidi ya miaka 100 iliyopita. Tunawaomba wazazi wayasome kwanza wenyewe kabla ya kuwasomea watoto, maana mwisho wake ni wa majonzi. Hata hivyo, sisi tunaokaa Al Mansoura na tunaoijua hesabu ya tiketi ya kurudi nyumbani, tumeona ni vema tuzisikie habari hizi.

Ota Benga alizaliwa katika misitu ya Kongo miaka ya 1880, kwa wale watu wafupi wa msituni, wawindaji na warina asali, ambao Waswahili wa zamani waliwaita mbilikimo. Meno yake yalikuwa yamechongwa yakawa na ncha. Wazungu waliyaogopa. Kwetu si ajabu, kwani wazee wa Kimakonde na wa makabila mengine walichonga meno kwa urembo, na wajukuu zao walikaa mapajani mwao bila hofu.

Kongo ya siku zile ilikuwa mali ya mtu mmoja, Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, tangu 1885 hadi 1908. Vijiji vililazimishwa kuleta mpira wa porini na pembe za ndovu, na walioshindwa waliuawa au kukatwa mikono. Mwaka 1904 alifika huko Mmarekani aitwaye Samuel Phillips Verner, aliyewahi kuwa mmisionari. Safari hii alikuwa na mkataba wa kutafuta watu wa msituni wa kupelekwa kwenye maonyesho. Verner alisimulia kwamba alimkuta Ota Benga mikononi mwa wafanyabiashara ya watumwa, watu wa familia yake wakiwa wameshauawa, naye akamkomboa kwa chumvi na kitambaa. Habari hizo alizigeuzageuza kila alipozisimulia.

Maonyesho yenyewe yalikuwa St. Louis, Marekani, mwaka huohuo wa 1904. Watu wa mataifa mengi waliwekwa uwanjani ili watazamwe. Walikuwepo Wafilipino zaidi ya 1,000, kwa hiyo majirani zetu wa hapa mtaani nao wana wazee wao katika habari hii. Alikuwepo pia Geronimo, mzee maarufu wa vita wa Waapache, akiwa mfungwa. Watu walimiminika kuyaona meno ya Ota Benga. Yeye hakuwa mjinga: aliyetaka kuyaona alilipa senti tano.

Baada ya maonyesho alirudi Kongo pamoja na Verner, kisha mwaka 1906 wakaja tena Marekani. Verner aliishiwa fedha akamwacha New York, kwanza katika jumba la makumbusho, halafu katika bustani ya wanyama ya Bronx, iliyoongozwa na William Hornaday. Mwanzoni aliwasaidia watunzaji wa wanyama. Mwezi Septemba 1906 akawekwa ndani ya nyumba ya nyani, katika tundu moja na orangutani, na nje kukawa na kibao kilichoandikwa jina lake, urefu wake na uzito wake. Jumapili moja mwezi huo watu wapatao 40,000 walifika bustanini, na wengi walikwenda moja kwa moja kumtazama yeye. Alipotolewa kutembea nje, walimfuata wakimzomea, wakimsukuma na kumcheka.

Waliosimama kumtetea walikuwa wachungaji. Mchungaji James H. Gordon, mkuu wa nyumba ya watoto yatima Weusi huko Brooklyn, aliongoza wenzake kwenda bustanini kudai atolewe. Mchungaji MacArthur, Mzungu wa kanisa la Calvary Baptist, aliungana nao. Meya wa jiji alikataa kuwaona, lakini hawakunyamaza, na mwisho wa mwezi Ota Benga akakabidhiwa kwa Gordon. Kanisa lilifanya kazi yake, na tunapaswa kuikumbuka kwa shukrani.

Lakini habari haikuishia hapo. Mtu mzima aliyekwisha kuoa aliwekwa katika nyumba ya watoto. Mwaka 1910 alipelekwa Lynchburg, Virginia, akasome katika chuo cha Wabaptisti Weusi. Meno yake yalifunikwa yasionekane ncha, akavalishwa nguo za kule, akaitwa Otto Bingo. Nia ilikuwa njema. Walimpa chakula, mahali pa kulala na masomo, na mshairi Anne Spencer alikuwa miongoni mwa waliomfundisha. Aliwapenda wavulana wa mtaani akawachukua porini, akawafundisha kuwinda, kuvua samaki na kutafuta asali. Huko msituni yeye ndiye aliyekuwa mwalimu.

Aliacha shule akafanya kazi katika kiwanda cha tumbaku, ambako alikwea nguzo bila ngazi kuyashusha majani. Alitaka kurudi kwao, lakini nauli ya meli ilikuwa kubwa kuliko uwezo wake. Mwaka 1914 vita kuu vikaanza, na njia ya baharini ikazidi kuwa ngumu. Waliomjua waliona uchangamfu wake unapungua na ukimya unaongezeka. Tarehe 20 Machi 1916 aliwasha moto, akayavunja yale yaliyofunika meno yake, akajitoa uhai. Alikuwa na umri wa miaka kama 30 na kitu. Kaburi lake halina alama. Mwezi Julai 2020 shirika linaloendesha bustani ile ya Bronx liliomba radhi hadharani kwa yale aliyotendewa.

Wapendwa, tumeyatafakari maisha haya kwa muda. Wachungaji wale walimtoa tunduni, na tukiulizwa tungefanya nini, sote tungependa kusema tungefanya kama wao. Kilichobaki kilikuwa kigumu zaidi: nauli ya kumrudisha mtu kwao, na mwenzake wa kukaa naye miaka ile alipokuwa anafifia. Alikuwa na shati safi, jina jipya na kazi ya kuajiriwa. Aliyemwona akipita angedhani mambo yake yamenyooka.

Miongoni mwetu wapo walinzi, madereva na dada wa kazi za ndani ambao hawajawaona watoto wao kwa miaka. Wanaimba nasi, wanasema wako salama, kisha wanarudi kwenye chumba cha watu sita. Baada ya ibada, kabla hatujakimbilia basi au metro, tumuulize aliye kando yetu mara ya mwisho alizungumza na nyumbani lini, na tusubiri jibu. Anayekwama kwa nauli ya msiba au ya ugonjwa wa mzazi, habari zake zifike kwa wazee wa kanisa mapema. Na mwenye moyo mzito asikae nao peke yake. Ampigie mchungaji au mzee yeyote, hata usiku wa manane. Hatutamwona kuwa msumbufu.