Daktari Fischer na Ndege Wetu

Kila ufikapo mwezi wa Machi, kaskazi inapolegea na masika bado hayajabisha hodi, mimi huweka kiti uani nyuma ya nyumba yangu hapa Mikindani mara baada ya sala ya alfajiri. Mnazini mnana wa rangi ya dhahabu wanasuka viota, makelele yao kama watoto wa chuo walioachwa na mwalimu. Chozi wako kwenye maua ya mgomba. Kule chini kwenye mikoko ya hori ya Tudor, vitwitwi waliokaa nasi tangu Septemba wanakula kwa pupa, maana safari yao ya kurudi kaskazini imewadia.

Mwaka huu mjukuu wangu alitaka majina. Ya Kiswahili nilimpa. Lakini alipofungua kitabu cha ndege alimwona kulukulu ameandikwa kuwa ni wa Fischer, akauliza huyo ni nani hata amiliki ndege. Jibu nililompa siku ile lilikuwa fupi mno, nami nikaona haya. Ndugu msomaji, hili ndilo jibu lenyewe.

Gustav Adolf Fischer alizaliwa mwaka 1848 katika mji wa Barmen, Ujerumani, akasomea udaktari. Mwaka 1876 alifika Unguja pamoja na Clemens Denhardt, wakati wa Sayyid Barghash, akafungua kazi ya utabibu. Angeweza kukaa papo hapo akatajirika. Badala yake mwaka uliofuata alikwenda Witu na nchi ya Wagala, na mwaka 1878 akapanda mto Tana kwa Wapokomo. Popote alipopita alikusanya ndege.

Na kukusanya, jamani, si kuketi kitini kama mimi. Watu wa kazi hiyo walimpiga ndege kwa risasi ndogo ndogo, wakamchuna, wakaipaka ngozi sumu isiliwe na wadudu, wakaijaza pamba, kisha wakafunga mguuni karatasi yenye tarehe na mahali. Ngozi zikapelekwa Berlin kwa mtaalamu Anton Reichenow, naye ndiye aliyewapa majina. Kulukulu alipata jina la daktari mwaka 1878: yule ndege wa kijani mla matunda, ambaye akiruka tu mbawa zinawaka wekundu. Babu zetu walikuwa wakimwita kulukulu kabla Barmen haijasikika pwani hii. Sidhani kwamba daktari aliwapata ndege wale wote kwa macho yake peke yake. Alikuwa na wapagazi na waongozi waliojua mti gani ndege gani hulala. Majina yao hayakufungwa mguuni mwa ndege yeyote niliyepata kumsoma.

Mwishoni mwa 1882, kwa msaada wa chama cha jiografia cha Hamburg, aliondoka Pangani kuingia Umasaini. Alifika Naivasha mwaka 1883, akazuiwa kuendelea. Njiani watu wake walikuwa wamepigana na Wamasai, na hasira ile ikamkuta Joseph Thomson aliyekuja nyuma yake, hata akalazimika kurudi pwani kwanza. Haya nayasema kwa kuwa wako wanaomsifu Fischer kama malaika. Hakuwa.

Mwaka 1885 alitumwa kumwokoa Wilhelm Junker, msafiri aliyekwama ndani ya bara pamoja na Emin Pasha. Alilifikia ziwa la Nyanza upande wa kusini, njia ya Buganda ikafungwa, akajaribu kuzunguka mashariki, akashindwa. Alirudi na homa mwilini, na Novemba 1886 akafa Berlin, umri wake miaka 38. Wiki chache baadaye Junker akatokeza Unguja, mzima, amejiokoa kwa njia nyingine. Na mwaka 1887 Reichenow akampa jina la marehemu kasuku mdogo wa huko kusini mwa ziwa, mwenye uso wa rangi ya chungwa. Leo kasuku huyo anafugwa vizimbani Ulaya na Marekani. Fischer hakulijua hilo.

Wala hakuwajua kunguru hawa wa shingo ya kijivu wanaonitesa uani. Hao waliletwa Unguja kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890, yeye amekwisha kufa. Wakavuka hadi Mombasa katika miaka ya 1940. Asubuhi ya leo wamepasua viota vitatu vya mnana, makinda wakaliwa tukitazama.

Mjukuu wangu sasa ana daftari. Ukurasa wa kwanza ameandika kulukulu, na pembeni, kwa herufi ndogo, Fischer. Ndege mwenyewe hajamwona. Msitu wa hapa petu umekwisha. Itanibidi nimpeleke Shimba Hills kabla mvua hazijaanza.