Harold Storey na Ugonjwa wa Michirizi ya Mahindi

Soma habari ifuatayo kwa makini, kisha ujibu maswali. Zingatia hasa vitenzi vya kauli ya kutendwa.

Mkulima wa Nakivale aonapo mistari iliyopauka kwenye majani ya mahindi machanga, hujua kwamba mimea hiyo huenda ikadumaa na kumnyima mavuno. Huo ndio ugonjwa wa michirizi. Aliyefumbua siri yake ni Harold Haydon Storey, mtaalamu wa magonjwa ya mimea aliyezaliwa mwaka 1894.

Katika miaka ya 1920 Storey alifanya kazi Natal, Afrika Kusini. Kabla yake, ugonjwa huo ulidhaniwa kuletwa na kasoro ya udongo. Yeye alithibitisha kwamba husababishwa na kirusi, na kwamba kirusi hicho huenezwa na mdudu mdogo anayefyonza utomvu wa majani.

Mwaka 1928 alihamia kituo cha utafiti cha Amani, katika milima ya Usambara, Tanganyika. Huko alikabiliwa na fumbo jingine: miongoni mwa wadudu wa aina ile ile, baadhi walieneza ugonjwa na wengine hawakuueneza. Aliwapandanisha, akatazama vizazi vyao, akabaini kwamba uwezo wa kueneza hurithiwa. Kisha aliwatoboa utumbo kwa sindano nyembamba wale wasioeneza, nao wakaanza kueneza. Hivyo ilidhihirika kwamba ukuta wa utumbo ndio uliokizuia kirusi.

Haikuwezekana kuua kila mdudu shambani. Kinga ilibidi itafutwe ndani ya mbegu yenyewe. Muhogo nao uliharibiwa na ugonjwa wa batobato. Katika miaka ya 1930, Storey na wenzake wa Amani waliuchavusha muhogo kwa mimea ya ukoo wake, ukiwamo mpira wa Ceara, ili wapate chotara wenye kustahimili ugonjwa. Mwaka 1946 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society ya London.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili, shughuli za Amani zilihamishiwa Muguga, Kenya. Storey hakuyasahau mahindi. Mwaka 1967, akiwa na umri wa zaidi ya miaka sabini, yeye na Howland walichapisha matokeo yaliyoonyesha jinsi mahindi yanavyorithi uwezo wa kustahimili michirizi. Alifariki mwaka 1969.

Kazi yake haikuzikwa naye. Muhogo uliotokana na chotara wa Amani ulipelekwa Ibadan, Nigeria, ukaendelezwa huko. Katika miaka ya 1990, batobato kali ilipoteketeza muhogo wa Uganda na kuleta njaa, aina zenye asili hiyo, kama vile Migyera, ziligawiwa wakulima. Mbegu iliyoanzishwa na mtu mmoja ikaja kulisha watu ambao hakuwahi kuwaona.

Maswali
1. Kwa nini kinga ya ugonjwa ilitafutwa katika mbegu?
2. Eleza jaribio lililoonyesha kazi ya ukuta wa utumbo wa mdudu.
3. Taja vitenzi vitano vya kauli ya kutendwa, kisha ubainishe mzizi wa kila kimoja.
4. Fafanua dhima ya kiambishi -ka- katika sentensi: "Aliwapandanisha, akatazama vizazi vyao, akabaini kwamba uwezo wa kueneza hurithiwa."