Livingstone: mali yake iliuzwa Ujiji na mtumishi aliyesema bwana amekufa

Tarehe 23 mwezi wa kumi 1871, mzee mmoja wa Scotland aliingia Ujiji akiwa mgonjwa na amekonda, huku nguo zake zimechakaa. Alikuwa ametoka Manyema kwa miguu. Jina lake lilikuwa David Livingstone, na tumaini moja ndilo lililokuwa limempa nguvu ya kutembea: ndani ya Ujiji kulikuwa na mali yake, nguo na shanga zilizotumwa kutoka Zanzibar. Alipofika, aliambiwa kwamba mali yote imekwisha kuuzwa.

Wakaaji wa Uvira na Bujumbura wanajua jiwe la Mugere, upande wa Burundi, linalotaja safari ya Livingstone na Stanley kaskazini mwa ziwa Tanganyika mwezi wa kumi na moja 1871. Wachache wanajua kwamba, wakati wa safari hiyo, Livingstone alikuwa anakula chakula na kutumia bidhaa za mgeni wake, kwa sababu mtumishi aliyeaminiwa alikuwa amemmalizia mtaji.

Mtoto wa kiwanda

Livingstone alizaliwa Blantyre, Scotland, tarehe 19 mwezi wa tatu 1813. Akiwa na miaka 10 alianza kazi katika kiwanda cha pamba. Alisoma usiku mpaka akawa daktari na mmisionari, na mwaka 1841 akafika Afrika Kusini. Mwaka 1845 alimuoa Mary Moffat, ambaye alikufa mwaka 1862 kando ya mto Zambezi. Watoto wao walikulia Uingereza, mbali na baba yao.

Mwaka 1866 alirudi Afrika mara ya mwisho, kutafuta chanzo cha mto Nile. Katika safari ya namna hiyo, pesa hazikusaidia. Msafiri alilipa kwa nguo na shanga: chakula, mtumbwi, ushuru wa mtemi, mishahara ya wapagazi. Mtu asiye na nguo wala shanga hakuweza kwenda mbele wala kurudi nyuma.

Kuibiwa mara mbili

Mara ya kwanza ilikuwa mwezi wa tatu 1869. Alifika Ujiji akiumwa mapafu, akakuta kati ya majora 80 ya nguo aliyotumiwa, 62 yamekwisha kuibiwa, pamoja na shanga nzuri karibu zote. Kwa kile kidogo kilichobaki alivuka ziwa na kuingia Manyema. Vidonda vya miguu vilimlaza Kabambare karibu miezi mitatu. Tarehe 15 mwezi wa saba 1871, huko Nyangwe, aliona watu wa wafanyabiashara wa pembe na watumwa wakipiga risasi raia ndani ya soko, wengi wao wanawake. Baada ya mauaji hayo, alikata tamaa na kurudi Ujiji.

Wakati huo, ubalozi wa Uingereza Zanzibar ulikuwa umetuma mali nyingine. Msafara huo uliwekwa chini ya fundi cherehani mmoja aliyeitwa Sherif. Wabebaji walipatikana kupitia Ludha Damji, tajiri wa Kihindi aliyesimamia forodha ya Zanzibar. Sherif alitembea polepole, akila mali njiani. Alipofika Ujiji, alianza kuuza kilichobaki na kujinunulia pembe za ndovu.

Alikuwa na sababu yake. Alidai kwamba alipiga ramli kwa Kurani na kuona Livingstone amekufa. Alidai pia kwamba watu aliowatuma Manyema walirudi na habari hiyohiyo. Kwa hesabu yake, mali ya marehemu asiye na ndugu karibu ilikuwa mali isiyo na mwenyewe. Ndipo marehemu akafika kwa miguu yake. Katika yadi 3,000 za nguo hakukubaki hata moja, na katika ratli 700 za shanga hakukubaki hata kamba moja.

Nani angelipa?

Katika biashara ya misafara, mkopo ulisimama juu ya jina la mtu na la watu wake. Mtu akila mali ya tajiri, tajiri alimtafuta baba, kaka au mdhamini aliyemtambulisha, kwa sababu ukoo uliotaka kukopa tena ulilinda jina lake. Lakini Sherif alikuwa mbali na watu wake. Ujiji hakukuwa na balozi wala hakimu wa Kizungu, na waliokuwa wamenunua nguo hizo kwa bei nafuu hawakuwa na haraka ya kuzirudisha.

Sherif mwenyewe hakuona haya. Alikuja kumpa Livingstone mkono, na aliponyimwa, alinuna kama mtu aliyeonewa. Aliendelea kuja kusalimia asubuhi na jioni, mpaka Livingstone alipomwambia kwamba angekuwa Mwarabu, mwizi huyo angekatwa mkono na masikio, na kwamba hataki salamu zake tena. Adhabu iliishia hapo. Hasira iliyobaki aliiandika katika barua kali kwa balozi John Kirk, akimlaumu yeye na Ludha kwa kumpa watu wasioaminika.

Aliyejaribu kutengeneza jambo hilo alikuwa Said bin Majid, mkubwa mmoja wa Waarabu wa Ujiji, ambaye mwanawe Soud aliuawa mwaka huohuo katika vita na Mirambo. Alijitolea kuuza pembe zake mwenyewe ili Livingstone apate nguo. Livingstone alishukuru, akamwomba asubiri kwanza.

Siku chache baadaye Henry Morton Stanley aliingia Ujiji na msafara wenye bidhaa. Mwezi wa kumi na moja, wawili hao walipanda mtumbwi wa mti wa mvule na kufuata pwani mpaka kaskazini. Walitaka kumaliza ubishi mmoja: je, mto Ruzizi unatoka ziwani kwenda Nile, au unaingia? Burton na Speke walifika Uvira mwaka 1858 lakini hawakuuona mdomo wa mto. Livingstone na Stanley waliuona, na maji yalikuwa yanaingia ziwani.

Watumishi waliorudisha kila kitu

Stanley alirudi Ulaya mwaka 1872 akiwa na kitabu cha kumbukumbu cha Livingstone, kimefungwa kwa lakiri, akampelekea binti yake Agnes. Kutoka pwani alimtumia mzee zaidi ya wanaume 50. Livingstone alikufa kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, mwanzoni mwa mwezi wa tano 1873.

Safari hii kifo kilikuwa cha kweli, na ndugu zake walikuwa mbali kuliko siku za Sherif. Watumishi wake Susi na Chuma wangeweza kugawana vitu na kutawanyika. Waliwaita wenzao wote, wakafungua masanduku mbele ya macho ya wote, na Jacob Wainwright akaandika orodha ya kila kilichokuwemo. Walizika moyo chini ya mti, wakaukausha mwili, na kuubeba miezi tisa. Tabora, Luteni Cameron aliwashauri wauzike hapo, nao wakakataa. Cameron alichukua baadhi ya vipimo kwa safari yake. Wao waliendelea na mwili na maandishi, wakafika Bagamoyo mwezi wa pili 1874. Walipewa mishahara yao na kuruhusiwa kwenda.

Tarehe 18 mwezi wa nne 1874 Livingstone alizikwa Westminster Abbey, London. Kati ya watumishi wale, Wainwright peke yake alikuwepo. Susi na Chuma walifika Uingereza baadaye, wakasaidia kueleza maandishi waliyoyabeba.

Deni la Sherif halikulipwa na mtu yeyote wa ukoo wake. Lakini familia ya Livingstone ilipokea kutoka mikononi mwa watumishi wengine baba yao na maandishi yake.