Alfred, Mfalme wa Wessex

Alfred alizaliwa mwaka wa 849 huko Wantage. Wakati huo Uingereza haikuwa nchi moja bali falme kadhaa, na wa kwao uliitwa Wessex. Alikuwa kitindamimba wa Mfalme Æthelwulf, kwa hivyo ni wachache waliotarajia kwamba kiti kingemfikia. Kaka zake watatu walitawala mmoja baada ya mwingine, wakafa, na mwaka wa 871 kijana huyu wa takriban miaka 22 akarithi ufalme pamoja na vita.

Adui walikuwa Waviking kutoka Denmark, waliokuwa wamekwisha kuangusha Northumbria na Anglia Mashariki. Mwaka huo huo Alfred aliwalipa fedha waondoke. Watahiniwa wengi wangeuita huo woga. Ukweli ni kwamba alikuwa akinunua muda. Mwaka wa 874 shemeji yake Burgred, mfalme wa Mercia, alilemewa akakimbilia Roma, asirudi tena.

Zamu ya Alfred ilifika Januari 878. Mara tu baada ya Krismasi, Guthrum alivamia Chippenham ghafla. Baadhi ya raia walisalimu amri, wengine wakavuka bahari. Mfalme alijificha na wafuasi wachache katika vinamasi vya Somerset. (Kisa cha mwanamke aliyemkaripia kwa kuacha mikate iungue kilianza kusimuliwa muda mrefu baada ya kifo chake. Usikitumie kama ushahidi.) Wakati wa Pasaka alijenga ngome Athelney. Wiki chache baadaye aliwaita watu wake, wakamshinda Guthrum huko Edington. Badala ya kumuua, Alfred alimsimamia ubatizo akawa babake wa kiroho, kisha akamwacha aende kutawala Anglia Mashariki.

Baada ya hapo hakulala. Alijenga miji yenye ngome ili wanavijiji wapate pa kukimbilia, na akaligawa jeshi kwa zamu: nusu vitani, nusu nyumbani. Wavamizi waliporudi mwaka wa 892, walikuta nchi iliyojiandaa.

Vita vilikuwa vimeteketeza vitabu, na wasomi wa Kilatini walikuwa wameadimika. Alfred, ambaye mwenyewe alichelewa kujua kusoma, alianza kujifunza Kilatini akikaribia miaka 40. Pamoja na wasomi wake alileta kwa Kiingereza, lugha ya sokoni na shambani, kitabu cha Papa Gregory kuhusu uchungaji, na nakala zikapelekewa maaskofu. Mengi tunayojua kumhusu yametoka kwa Asser, askofu kutoka Wales aliyemtumikia. Pima sifa zake ukikumbuka nani aliyekuwa akimlisha.

Alifariki tarehe 26 Oktoba 899 baada ya maradhi ya miaka mingi. Mwanawe Edward alimrithi, na mwaka wa 927 mjukuu wake Æthelstan akawa mfalme wa Waingereza wote.