William Simpson: Daktari aliyeileta Kampala mafunzo ya Calcutta na makosa yake

Mwaka 1913, Wizara ya Makoloni ya Uingereza ilimtuma Profesa William Simpson Afrika Mashariki kuchunguza hali ya usafi katika miji, ikiwemo Nairobi, Mombasa, Zanzibar na Kampala. Wakati huo tauni ilikuwa tishio katika eneo zima.

Simpson alizaliwa Glasgow mwaka 1855 na kusomea udaktari Aberdeen. Mwaka 1886 aliteuliwa kuwa afisa wa afya wa jiji la Calcutta, India, ambako kipindupindu kiliua watu kila mwaka.

Mwaka 1894 alimwalika mwanasayansi Waldemar Haffkine kufanya majaribio ya chanjo ya ugonjwa huo katika vitongoji vya maskini. Wakazi waliokuwa wakichota maji katika madimbwi machafu walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuchanjwa.

Kutoka hapo akawa mjumbe wa maarifa kati ya miji. Tauni ilipozuka Cape Town mwaka 1901, aliitwa. Baadaye alikwenda Hong Kong, na mwaka 1908 akapelekwa Accra. Jijini London alishirikiana na Patrick Manson kuanzisha Shule ya Tiba ya Magonjwa ya Tropiki mwaka 1899.

Alipofika Kampala alikuwa na mizigo miwili. Wa kwanza ulikuwa wa manufaa: mifereji ya maji, ukaushaji wa mabwawa, kanuni za ujenzi na nyumba zisizoruhusu panya kujificha.

Wa pili ulikuwa ubaguzi. Alipendekeza Wazungu, Waasia na Waafrika wakae katika maeneo tofauti, na Wazungu watengwe kwa ukanda wa ardhi isiyojengwa. Hoja yake ilikuwa kwamba mbu hutoa malaria kwa wenyeji na kuipeleka kwa wageni.

Viongozi wa Waasia walipinga vikali, na mwaka 1923 serikali ya Uingereza iliachana na sera ya kuwatenga Waasia kimakazi katika miji ya Kenya. Hata hivyo, fikra hiyo ilikuwa imekwisha kuota mizizi katika mipango miji.

Mjini Kampala, Wazungu waliishi kilimani Nakasero. Kibuga cha Mengo, makao makuu ya Kabaka, kilibaki nje ya mipaka ya manispaa hadi mwishoni mwa miaka ya 1960. Mitaa kama Kisenyi na Katwe ikasongamana watu huku huduma za maji na mifereji zikisuasua.

Simpson alifariki dunia mwaka 1931. Kipindupindu kilipoikumba Kampala mwaka 1997, baada ya mvua za El Niño, kilienea zaidi katika makazi yaliyosongamana mabondeni.

Leo miji ya Afrika inaendelea kuazimana mbinu za kulinda afya. Maisha ya Simpson yanaonya kwamba mji unapojifunza kwa mwingine, hauna budi kuuliza ni nani atakayefikiwa na mfereji, na ni nani atakayeachwa ng'ambo ya ukanda.